Barabara ya Asmara na Massawa: Jinsi Mteremko wa Bahari ya Shamu Ulivyoifanya Eritrea Kuwa Nchi ya Baiskeli

Tarehe 9 Julai 2015, katika hatua ya sita ya mashindano ya Tour de France, waendesha baiskeli waliondoka Abbeville kuelekea Le Havre, wakifuata pwani ya Normandie. Pwani hiyo haina milima mirefu. Ina majabali meupe ya chokaa yanayoitazama bahari, na barabara hupanda juu ya majabali, hushuka kwenye miji midogo iliyo kando ya maji, kisha hupanda tena. Vilima vitatu vilikuwa vimewekewa alama za ushindani siku hiyo: cha Dieppe, cha Pourville-sur-Mer na cha Tilleul. Kila kimoja kilimpa mtangulizi alama moja tu. Daniel Teklehaimanot, kijana wa Eritrea, alitangulia kwenye vyote vitatu, na jioni akavikwa fulana nyeupe yenye madoa mekundu, ambayo huvaliwa na anayeongoza kwa alama za milimani. Kabla yake hakuna Mwafrika mweusi aliyepata kuivaa.

Alama tatu ni kitu kidogo, na fulana yenyewe ilimtoka baada ya siku chache, mbio zilipoingia katika milima ya Pirenei. Hata hivyo, habari ile ilienea duniani kwa mshangao, kana kwamba kijana huyo ameanguka kutoka mawinguni. Aliyeijua nchi alikotoka hakuwa na sababu kubwa ya kushangaa. Eritrea ina barabara moja ambayo hutoka baharini na kuvuka ukingo wa milima mirefu kwa kilometa zipatazo 115, na watu wake wamekuwa wakiendesha baiskeli za mashindano tangu enzi za ukoloni wa Kiitaliano. Makala haya yanakusudia kueleza barabara hiyo ni ya namna gani, inamfanya nini mwili wa mwendeshaji, na kwa nini maelezo yanayotolewa mara nyingi, kwamba siri yote ni hewa nyepesi ya milimani, hayatoshi.

Njia yenyewe

Massawa ni bandari ya Bahari ya Shamu, na mji wake wa kale umekaa juu ya visiwa vilivyounganishwa na bara kwa matuta. Ni miongoni mwa bandari zenye joto kali kabisa duniani. Wastani wa joto lake kwa mwaka mzima hukaribia nyuzi 30, na katika miezi ya Juni hadi Septemba mchana mara nyingi hupita nyuzi 40. Asmara, mji mkuu, uko juu ya uwanda wa juu, mita zipatazo 2,325 kutoka usawa wa bahari, na wakazi wake huvaa makoti jioni. Kwa mwendo wa ndege, miji hii miwili imetengana kwa kilometa 65 hivi tu. Barabara inahitaji karibu mara mbili ya hizo, na tofauti hiyo yote ni kona.

Anayetoka Massawa huvuka kwanza uwanda mkavu wa pwani, mchanga na miti ya miiba, mahali ambapo hakuna kivuli. Hupita Dogali, ambako tarehe 26 Januari 1887 majeshi ya Ras Alula yaliangamiza kikosi cha Kiitaliano cha askari wapatao 500. Kisha vilima huanza, na hewa hubadilika taratibu mpaka Ghinda, mji mdogo uliozungukwa na mashamba na bustani, karibu mita 900 juu ya bahari. Baadaye huja Nefasit, chini ya mlima wenye monasteri ya Debre Bizen, iliyoanzishwa katika karne ya 14. Kutoka Nefasit hadi Asmara zimebaki kilometa zipatazo 25, na hapo ndipo barabara inapojikunja na kujikunja tena juu ya makorongo, ikipita katikati ya mipungate na makundi ya nyani, hadi ivuke ukingo wa uwanda na mji uonekane ghafla, tambarare, kana kwamba bonde halikuwapo.

Mteremko huu una jambo la pekee. Uwanda wa juu hupata mvua zake hasa kuanzia Juni hadi Septemba, na pwani hupata zake chache wakati wa majira ya baridi. Mteremko uliopo katikati huchota pande zote mbili. Katika miezi ya baridi mawingu hutoka baharini, yakaegemea milimani na kukaa hapo kwa siku kadhaa. Msafiri anaweza kuondoka Asmara penye jua, akaingia katika ukungu mzito kabla hajafika Nefasit, kisha akatokeza tena kwenye jua la pwani. Kwa abiria wa gari hayo ni mandhari. Kwa mtu aliye juu ya baiskeli, mwenye shati moja lililolowa jasho, ni suala la afya.

Yafaa ikumbukwe kwamba hakuna aliyeichonga njia hii kwa ajili ya michezo. Waitaliano waliitwaa Massawa mwaka 1885, wakaifikia Asmara mwaka 1889, wakatangaza koloni la Eritrea mwaka 1890. Reli iliyoanzishwa pwani mwaka 1887 iliwachukua miaka mingi kuipandisha, hata ikafika Asmara mwaka 1911. Katika mwaka 1935, Mussolini alipojiandaa kuivamia Ethiopia, barabara ilipanuliwa na kuimarishwa ili ibebe malori ya jeshi mchana na usiku. Mwaka 1937 ilikamilika pia njia ya kamba za chuma angani, yenye urefu wa kilometa zipatazo 72, iliyobeba mizigo kutoka bandarini hadi mjini. Njia tatu juu ya mteremko mmoja, na zote tatu ni za kubeba shehena, bunduki na unga. Hata hivyo lori lililojaa haliwezi kupanda ukuta. Wahandisi walilazimika kuurefusha mwinuko, kuugawa katika kona nyingi, na kuuweka karibu sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Bila kukusudia, walitengeneza kile anachokitafuta mwendesha baiskeli: mwinuko mrefu, usiomvunja mtu kwa pigo moja, bali unaomla kidogo kidogo.

Kupanda

Kwa wastani, barabara hii huinuka mita 20 kwa kila kilometa moja, yaani asilimia mbili. Wastani huo unadanganya, kwa kuwa sehemu kubwa ya nusu ya kwanza ni uwanda au vilima vya chini, na kazi nzito hurundikana mwishoni.

Hesabu ndogo itasaidia. Chukua mwendeshaji ambaye yeye na baiskeli yake pamoja wana kilo 75. Kuuinua mzigo huo mita 2,300 kunahitaji kazi ya kilojuli zipatazo 1,700, hata kama kusingekuwa na upepo wala msuguano wowote. Lakini mwili wa binadamu hugeuza takriban robo tu ya nguvu ya chakula kuwa kazi ya miguu. Kwa hiyo mwendeshaji atatumia karibu kilojuli 6,800, au kalori zaidi ya 1,600 kwa lugha ya wataalamu wa lishe, ambazo ni zaidi ya nusu ya chakula cha siku nzima cha mtu mzima. Robo tatu zinazobaki hugeuka kuwa joto, na joto hilo sharti litoke mwilini kwa jasho. Katika uwanda wa Massawa, ambako hewa yenyewe ina joto kama la mwili na unyevu wa bahari huzuia jasho kukauka, hilo ndilo tatizo la kwanza la mwendeshaji, kabla hata hajaona mlima.

Tatizo la pili ni la kundi. Katika ardhi tambarare, mtu anayekwenda kilometa 40 kwa saa hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kusukuma hewa. Akijificha nyuma ya mwenzake huokoa karibu theluthi ya nguvu hizo, na akiwa katikati ya kundi kubwa huokoa zaidi. Ndiyo sababu mbio za uwanda huenda kwa makundi, na dhaifu anaweza kufika pamoja na hodari. Mlimani mambo hubadilika. Mwendo unapopungua hadi kilometa 18 au 15 kwa saa, hewa huwa adui mdogo, na adui mkubwa ni uzito, ambao kila mtu hubeba wake. Hakuna wa kumficha mwenzake. Mlima hufanya kazi ya chekeche: huwatenga watu mmoja mmoja, bila kelele, na aliyeachwa mita 10 kwenye kona moja huachwa dakika moja kona chache baadaye.

Tatizo la tatu ni hewa. Kwenye kimo cha Asmara, kanieneo ya hewa ni karibu robo tatu ya ile ya pwani, na kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa kiasi hichohicho. Mtu anayepanda kutoka baharini hukutana na upungufu huo mwishoni, miguu ikiwa imekwisha kuchoka. Aliyezaliwa na kukulia juu ana mwili uliokwisha kuzoea. Damu yake hubeba oksijeni kwa wingi zaidi. Akiteremka kwenda kushindana katika nchi za chini, mazoea hayo humfaa, angalau kwa muda.

Kushuka

Waandishi wa michezo hupenda kuzungumzia kupanda, kwa kuwa mateso yanaonekana usoni. Kushuka husahauliwa. Ila kwa mji kama Asmara, ambao uko ukingoni kabisa, mwendeshaji anayetaka kufanya mazoezi upande wa mashariki hana hiari: huanza kwa kushuka, na kurudi nyumbani ni kupanda. Huu ni utaratibu mgumu, kwa sababu sehemu yenye raha huja mwanzo na deni hulipwa mwisho.

Katika mteremko wa asilimia tano, baiskeli huweza kupita kilometa 40 kwa saa bila mtu kukanyaga pedali hata mara moja. Tatizo si kasi bali kuiondoa. Kasi ikizidishwa mara mbili, umbali wa kusimama huzidi mara nne. Na breki ikishikwa katikati ya kona, gurudumu huweza kuteleza, hasa lami ikiwa na unyevu wa ukungu. Kwa hiyo mwendeshaji hodari hupunguza mwendo kabla ya kona, kisha huachia breki, huinamisha baiskeli pamoja na mwili, na macho yake hayaangalii gurudumu la mbele bali mahali anapotaka kutokea. Maarifa haya hayasomwi katika kitabu. Hupatikana kwa kuipita kona ileile mara mia, ukiwa na mbuzi upande mmoja na lori linalopanda upande wa pili.

Wasomaji wa Kivu ya Kaskazini hawahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili. Vijana wanaotoka vilimani na kushuka Goma juu ya chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, wakiwa na magunia ya makaa au viazi, wanafanya hesabu zilezile za uzito, kona na kusimama, na mzigo wao huweza kuwa mara kadhaa ya uzito wa mtu. Mji wa Goma umekijengea chombo hicho sanamu, na inastahili. Ni ustadi wa mteremko uliozaliwa na kazi, wala si mchezo. Tofauti ni kwamba Asmara ilikuwa na mashindano ya kuupokea ustadi kama huo na kuupa jina. Ule wa chukudu umebaki sokoni.

Kimo peke yake hakitoshi

Hapo ndipo maelezo ya hewa nyepesi yanapoanza kupungukiwa. Addis Ababa iko karibu kimo kilekile na Asmara, na watu wake hawakosi mapafu: tangu Abebe Bikila aliposhinda marathoni ya Roma bila viatu mwaka 1960, Ethiopia imezaa wakimbiaji wasiohesabika. Waendesha baiskeli wake mashuhuri ni wachache. Tena Tsgabu Grmay, Mwethiopia wa kwanza kushiriki Tour de France, mwaka 2016, ni mtu wa Mekele huko Tigray, jimbo linalopakana na Eritrea na linalosema lugha moja na Asmara, Kitigrinya. Milima ya Kenya nayo imetoa wakimbiaji. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, Butembo imepita 1,700, na miteremko haikosekani huko. Lakini hakuna aliyesikia habari za shule ya mbio za baiskeli ya Butembo. Kama kimo kingekuwa sababu ya kutosha, ramani ya baiskeli ya Afrika ingefanana na ramani ya milima yake. Haifanani hata kidogo.

Kilichoitofautisha Asmara ni mambo ya kawaida, na pengine kwa ukawaida wake hayaandikwi. Kwanza, baiskeli ni chombo cha kila siku. Mafuta ya magari yamekuwa adimu mara nyingi, magari ni machache, na katikati ya mji ni tambarare. Wazee kwa vijana huenda kazini, sokoni na kanisani kwa baiskeli. Mahali penye baiskeli nyingi pana mafundi wengi, na penye mafundi chombo kilichochakaa huishi miaka mingi na kumfikia mtoto wa maskini. Pili, mbio hufanyika mjini, katika barabara kuu yenye mitende na majengo yale ya miaka ya 1930 ambayo mwaka 2017 yaliufanya mji uingizwe katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Umati husimama kando ya njia. Mtoto huona kwa macho yake, karibu kiasi cha kugusa, kitu anachoweza kuwa. Na tatu, ukingo wa milima uko mlangoni: dakika chache tu kutoka majumbani huanza barabara ambayo timu za Ulaya zingesafiri kwa ndege kuitafuta. Kimo kimo ndani ya hesabu hiyo, lakini ni kiungo kimoja tu katika mchuzi.

Nani aliyeruhusiwa kupanda

Waitaliano walileta baiskeli, lakini hawakuigawa. Mbio za chama zilizoanzishwa Asmara katika miaka ya 1930 zilikuwa za wazungu. Mji ulikuwa umegawanywa kwa rangi. Mweritrea aliruhusiwa kuzibomoa nyumba za kale, kujenga mpya, kufagia barabara na kubeba mizigo juu yake, ila si kushindana juu yake. Sheria za ubaguzi za utawala wa Kifashisti, zilizozidi kukazwa tangu mwaka 1937, ziliukamilisha utaratibu huo kwa maandishi.

Husimuliwa kwamba mwaka 1939 mbio za pamoja ziliruhusiwa, Waitaliano dhidi ya Waeritrea, zikiwa kama jaribio la nguvu ambalo matokeo yake yalidhaniwa yanajulikana. Aliyeshinda ni Ghebremariam Ghebru, Mweritrea. Masimulizi yanayomhusu yamepambwa na miaka mingi ya kurudiwa, kama ilivyo kwa masimulizi yote ya namna hii, lakini uzito wake hauko katika saa na dakika. Utawala uliojengwa juu ya dai kwamba rangi moja imezaliwa kutawala nyingine ulikuwa umekubali, kwa uzembe wa siku moja, kipimo kisichojua rangi: mstari wa mwisho.

Waingereza waliwashinda Waitaliano mwaka 1941 na kuitawala Eritrea hadi mwaka 1952. Njia ya kamba za chuma iling'olewa katika kipindi hicho. Mwaka 1946 yalifanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya kuizunguka nchi, Giro d'Eritrea, ambayo hayakudumu. Baada ya Eritrea kuunganishwa na Ethiopia kwa shirikisho, mwaka 1952, waendeshaji wa Asmara walipanda baiskeli chini ya bendera ya Ethiopia, na ndivyo vijana wa mji huo walivyoingia katika timu iliyokwenda Michezo ya Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956. Mwaka 1962 shirikisho lilivunjwa na Eritrea ikamezwa. Vita vya ukombozi, vilivyoanza mwaka 1961, viliendelea kwa miaka 30.

Barabara haikuweza kukaa kando. Februari 1990 wapiganaji wa Eritrea waliitwaa Massawa, na kwa zaidi ya mwaka mstari wa mbele wa vita uliikata njia karibu na Ghinda. Juu kulikuwa na jeshi la Ethiopia lililozingirwa Asmara, likilishwa kwa ndege. Chini kulikuwa na bandari iliyobomolewa kwa mabomu. Kilometa 115 zilizopandwa kwa saa chache na kijana mwenye baiskeli zikawa hazipitiki kwa majeshi mawili. Tarehe 24 Mei 1991 wapiganaji waliingia Asmara. Miaka miwili baadaye, baada ya kura ya maoni, nchi ikawa huru. Reli iliyokuwa imeng'olewa vitani ilijengwa upya kwa sehemu kubwa na wazee waliowahi kuifanyia kazi, waliotolewa kwenye pensheni zao. Mashindano ya kuizunguka Eritrea yalifufuliwa mwaka 2001, wakati wa kuadhimisha miaka kumi ya ukombozi. Mbio nyingine za Massawa zilipewa jina la Fenkil, operesheni ileile ya Februari 1990.

Matunda na bei yake

Kuanzia hapo majina yanakuja kwa haraka. Daniel Teklehaimanot alishinda Tour du Rwanda mwaka 2010, kisha akaiongoza safu ya milima katika Critérium du Dauphiné mara mbili mfululizo, mwaka 2015 na 2016. Natnael Berhane aliandikiwa ushindi wa mzunguko wa Uturuki wa mwaka 2013. Mosana Debesay alishiriki upande wa wanawake katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Biniam Girmay, aliyezaliwa Asmara mwaka 2000, alishinda Gent–Wevelgem mwezi Machi 2022, na katika Tour de France ya mwaka 2024 alishinda hatua tatu na kuitwaa fulana ya kijani hadi mwisho. Girmay si mtu wa vilele virefu. Silaha yake ni mbio za kasi za mita 200 za mwisho. Lakini ana sifa ambayo wakimbizaji wengi wa kasi hawana: huvuka vilima vya katikati ya njia bila kuachwa. Anayeikumbuka barabara ya Nefasit hatauliza ameipata wapi.

Haitakuwa haki kuyasimulia hayo bila kutaja bei. Mweritrea anayetaka kushindana nje hukutana na milango miwili, na kila mmoja una mlinzi wake. Nyumbani kuna utumishi wa taifa usiokuwa na mwisho unaojulikana, na ruhusa ya kutoka nchini haipatikani kwa urahisi. Nje kuna balozi zinazoogopa kwamba anayeomba viza ya wiki mbili hatarudi, na kweli wamo wanamichezo ambao hawakurudi. Mara kadhaa mwendeshaji amekosa mbio si kwa sababu ya miguu bali kwa kukosa muhuri. Kipaji kilichochongwa na mlima husubiri dirishani, kikiwa na bahasha ya karatasi mkononi.

Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda mbio za wanaume. Kwa waendeshaji wa bara hili, kupanda vilima vya nyumbani mbele ya watu wa nyumbani halikuwa jambo dogo. Kwa wasomaji wa Goma na Bukavu, miji iliyotekwa na M23 mwanzoni mwa mwaka huohuo, vilima hivyo vilikuwa karibu mno, na si wengi walioweza kuzitazama mbio hizo kwa moyo mweupe.

Maneno ya kusimulia mbio

Limebaki jambo moja linaloihusu lugha. Kitigrinya kilichukua jina la chombo hiki kutoka Kiitaliano, bicicletta, kikalilainisha kwa sauti zake. Kiswahili cha pwani kilichukua baiskeli kutoka Kiingereza. Lubumbashi husema kinga, neno ambalo jirani zake wa Burundi wanalo pia, ikinga, na ambalo humtatiza mgeni wa Dar es Salaam, kwa kuwa kwake kinga ni kizuizi cha maradhi. Kisangani, baiskeli ya kubeba abiria ni toleka, kutoka Kilingala. Jina la chombo, basi, halikosekani. Yapo hata ya ziada.

Kinachokosekana ni maneno ya mbio zenyewe. Anayesimulia hatua ya milimani kwa Kiswahili hukimbilia Kifaransa kila baada ya sentensi mbili: peloton, échappée, maillot à pois, col. Mengi yana mbadala uliokwisha kukomaa. Peloton ni kundi, au kundi kubwa palipo na haja ya kutofautisha. Aliyejitenga mbele anaweza kuitwa mtoro bila mtu kukosea maana, ingawa mtoro ana sifa mbaya shuleni na jeshini. Mtangulizi ni neno salama, lakini halina harufu ya hatari iliyomo katika kutoroka. Neno gumu ni col. Wapo wanaosema mlima, na si sawa, kwa sababu mlima ni kitu kizima na col ni mahali pamoja tu, pale njia inapouvuka ukingo. Upenyo humfanya msikilizaji afikirie tundu katika ua. Kipito kinaeleweka mara moja, kina mzizi wa kupita, na hakijashikwa na kazi nyingine nzito. Mtangazaji atakayesema kwamba Girmay amekifikia kipito akiwa bado ndani ya kundi atakuwa ameeleza kwa maneno machache mahali alipo, kazi aliyokwisha kuifanya, na mteremko ulio mbele yake.